Malimao Kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nane nukta moja. Naiandika juu kabisa ili kesho nisijidanganye kwamba nilisikia vibaya. Nesi Elina kaitamka kwa upole, lakini kalamu yake haikuwa na upole — duara jekundu kwenye kadi, la kuonekana tangu mlangoni. Mjamzito anatakiwa awe na damu kumi na moja kwenda juu. Mimi nina nane na kipande. Kwa lugha ya cherehani: nimeletewa kitambaa cha gauni la mtoto, nikatie gauni la mama.

Mimba miezi sita. Ndoa miaka sita. Sijasubiri muda wote huo nije kuishiwa damu mlangoni.

Kanieleza vizuri. Kujifungua kunatoa damu hata mambo yakienda sawa, na anayeingia na damu kidogo hana akiba. Mwisho wa Agosti akinikuta chini ya kumi, pale kituoni hawanipokei — napelekwa hospitali kubwa, na bado watu watakuwa roho juu. Basi. Vidonge kila siku. Mboga za majani, maharage, dagaa. Udongo marufuku (aliuliza kama nautafuna, nikasema kidogo, si kidogo). Na limao! Kila nikila mboga, nikamulie limao.

Nikamuuliza limao lina damu gani. Akacheka. Halina damu hata tone, anasema, ila lina vitamini C, na hiyo ndiyo inayofungua mlango ili madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga yaingie mwilini. Bila hivyo mengi yanapita tu, kama mabasi ya Musoma yanavyoipita Nyashimo bila kusimama. Huyu angenifundisha sayansi shuleni ningefika mbali.

Sijaogopa. Au nimeogopa, lakini nimefurahi kwamba kuna kitu cha kufanya. Mimi nikipewa kazi natulia.

Jumanne, 10 Juni

Malimao sita kwa Anifa. Genge lake linatazamana na mlango wangu wa ushonaji hapa Bariadi, na miaka minne yote nimenunua kwake chumvi na vitunguu tu. Nilipomwambia ni kwa ajili ya damu, akavuta kigoda na kuanza mhadhara. Limao linashusha presha. Linayeyusha kitambi. Linaondoa chunusi, kikohozi, harufu ya kikwapa, na ukimpa mume anakumbuka njia ya nyumbani. Nikamwambia wangu ni fundi umeme kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Mwanhuzi, na anarudi kila Jumamosi bila limao.

Mchana nimekula nsansa. Majani ya kunde makavu, nimeyala tangu sina meno, na leo nimeyakamulia limao kama mtu wa hotelini. Tamu! Ule ukavu wote umelainika. Nimefunga mlango nikalamba sahani.

Jumamosi, 14 Juni

Luhende karudi, vumbi la pamba mpaka kwenye nyusi. Nimemsomea kadi, nimemhubiria limao, nimemlisha kwa nguvu. Kala, kasifu. Kisha akasema kwao Mwandoya kulikuwa na mti wa malimao nyuma ya zizi, malimao makubwa kama ngumi. Nikaruka — tukachume! Akasema umebaki kisiki. Nani kaukata? Akasema mti ulizeeka, akaanza kuuliza habari za cherehani. Tangu lini Luhende akauliza habari za cherehani?

Halafu habari yenyewe: mama yake anakuja Jumatatu kunitazama mpaka nijifungue. Nimefurahi. Kweli nimefurahi.

Jumatatu, 16 Juni

Kaja mama mkwe, Mayu. Kaja na kibuyu cha maziwa mgando, debe la michembe ya viazi, na mkeka wake mwenyewe kwa sababu ya kwangu haiamini. Nimepiga magoti kumwamkia, mwangaluka Mayu, kaniinua kabla sijamaliza. Mikono yake mikavu, ya moto. Kanivuta kope la chini akachungulia, kabonyeza miguu, kanuna. Damu hamna, kasema. Hakuhitaji maabara.

Majirani wameshamzoea kwa nusu saa. Mama Vero huku, Mama Vero kule. Veronica ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza, dada yake Luhende. Alifariki kwenye uzazi miaka miwili kabla sijaolewa. Sikuwahi kumwona. Leo ndiyo nimefikiria — kila anayemsalimia huyu mama anamtajia marehemu.

Kisha akaona malimao kwenye bakuli. Hakupiga kelele. Aliyachukua yote, akatoka, akayatupa shimo la taka, akarudi ananawa mikono. Limao linakausha damu, kasema. Mwenye mimba hata kulilamba halilambi. Na mimi, Benedikta niliyehubiri mtaa mzima — nikasema ndiyo Mayu. Siku ya kwanza ubishane na mama mkwe? Nani kakulea?

Jumatano, 18 Juni

Kopo la vifungo! Kubwa, la bati, lina mfuniko. Vifungo juu, malimao chini. Anifa ananiletea yeye mwenyewe. Nakula mchana dukani, napanguza mdomo, narudi nyumbani mtakatifu.

Ijumaa, 27 Juni

Mambo yanakwenda. Mayu kashika zamu ya dawa kuliko nesi. Saa moja asubuhi ananijia na kidonge kiganjani na kikombe cha maziwa mgando, anasimama mpaka nimalize. Chuma na maziwa ya ng'ombe wa Mwandoya! Nani ataniweza? Mchana limao kwa siri. Nikijumlisha, lazima nifike kumi na mbili. Nimeshaanza kufikiria uso wa Nesi Elina.

Ila limao likizidi linanirudia kifuani na moto wake. Nimepunguza, nusu kwa sahani. Na nasukutua kwa maji baada ya kula, kwa sababu nesi alisema asidi yake inakula meno. Nina meno mazuri, sitaki kujifungua kibogoyo.

Jumatatu, 7 Julai

Nane kamili.

Imeshuka. Nimelia pale pale kwenye benchi, wajawazito wenzangu wanatazama pembeni kwa heshima.

Baadaye. Nimeosha uso, niandike vizuri.

Nesi Elina hakunigombeza. Kanipima malaria — hamna. Kaniuliza kuhusu minyoo, choo, udongo (nimeacha, kweli, nikiutamani nanusa ganda la limao mpaka hamu ipite). Mboga? Nakula. Limao? Nakula. Vidonge? Sijaruka hata kimoja. Kalamu ikasimama. Halafu: unamezea nini?

Maziwa, nikasema, kwa fahari kabisa.

Akaweka kalamu chini. Akainamisha kichwa kidogo, akasema anasikia hilo kila wiki. Huku kwetu mtu akiumwa anapewa maziwa, akimeza dawa anamezea maziwa, hakuna anayeuliza. Lakini maziwa na hivi vidonge havikai pamoja tumboni. Maziwa yanakizuia chuma kisiingie. Chai ya rangi nayo hivyo hivyo. Kwa hiyo wiki tatu nzima nimemeza dawa na kuifungia mlango, siku ile ile, kikombe kile kile. Mchana nafungua na limao, na hakuna aliyebaki nje wa kuingia!

Amri mpya: kidonge mchana, kwa maji yenye limao. Maziwa jioni, mbali na dawa. Chai saa mbili baada ya chakula. Basi. Nimekasirika mpaka nimechangamka.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwambia Mayu nesi kabadilisha saa ya dawa. Mchana, kazini, na chakula. Ni kweli! Sikutaja maziwa. Unamwambiaje mama aliyebeba kibuyu mapajani toka Mwandoya kwamba kikombe chake ndicho kilichonishusha? Nimesema maziwa nitakunywa jioni, yananipa usingizi. Kafikiri, kakubali. Kwa nesi kakubali haraka kuliko ambavyo angekubali kwangu.

Jumamosi, 12 Julai

Nusura leo.

Mayu kaniletea chakula dukani bila kupiga hodi. Limao nusu liko juu ya meza, limekamuliwa, bado linavuja. Macho yake yakaenda moja kwa moja. Nikasema ya kutolea kutu, Mayu. Na si uongo — kila fundi anajua, limao na chumvi, unaanika juani, kutu inatoka kwenye kitambaa cheupe. Akasema nionyeshe.

Nikatafuta kutu. Hamna kutu! Nilipobanwa hivyo ikabidi nichukue shati la shule, jeupe peee, nikajifanya nalikagua huku nalisugua kwenye mguu wa cherehani ya zamani mpaka likapata doa. Nikapaka limao, nikapaka chumvi, nikaanika. Mayu kakaa kwenye kigoda, nusu saa nzima, anatazama doa likififia. Limetoka. Kaguna.

Akiondoka akatazama kopo la vifungo, akanitazama mimi. Bariadi ina kutu nyingi, kasema.

Jumapili, 20 Julai

Nimepanda ngazi za kanisani bila kusimama. Mwezi uliopita nilisimama mara mbili, nikajifanya natafuta sadaka. Kucha zimeanza kuwa na rangi. Mtoto anapiga teke kila nikinusa limao — au nikimsikia babu anayeimba besi, sijui kipi. Najisikia kama cherehani iliyotiwa mafuta. Siku nane zimebaki nipimwe na siwezi kutulia.

Jumatatu, 28 Julai

TISA NUKTA MOJA!

Nimemwambia Nesi Elina apime tena. Akasema kipimo si redio, hakibadilishi stesheni. Tisa nukta moja, wiki tatu tu! Nikamshika mkono, nikamuuliza kama limao ndilo limefanya. Akasema vidonge vimefanya, mboga imefanya, limao limefungua mlango, na maziwa yametoka njiani. Nisije nikazunguka mtaani kuwaambia watu waache dawa wanyonye limao. Nikamwambia Anifa anasema linatibu presha. Akasema Anifa anauza malimao, yeye anapima damu, kila mtu na kazi yake.

Nimerudi kwa miguu. Nimewasalimia watu nisiowajua. Nimemwahidi Anifa gauni, kitambaa changu, ushonaji wangu! Luhende kwenye simu kapiga kelele mpaka wenzake kiwandani wakadhani kapigwa na shoti.

Mayu nilimwonyesha kadi. Hasomi namba za nukta, nikamhesabia kwa vidole. Kafurahi, machozi yamemlenga, kapiga kigelegele kimoja kidogo cha ndani ya nyumba. Kisha akasema: unaona, maziwa hayo. Nikaikunja kadi, nikaiweka. Sikujua kwamba ushindi unaweza kuwa mchungu hivi.

Jumatano, 6 Agosti

Anifa na mdomo wake. Hapana, simlaumu. Hakujua.

Nilikuwa nashona sare za kikundi cha akina mama cha maonyesho ya Nane Nane kule Nyakabindi, kijani na njano, ishirini na mbili, zote zinatakiwa kesho. Mayu kaenda gengeni kununua chumvi. Anifa kwa ukarimu wake akampa malimao mawili ya bure: Mama Vero, mpelekee mkamwana wako, mteja wangu wa kila siku tangu Juni.

Kaingia nayo mkononi. Kayaweka juu ya kitambaa nilichokuwa nashona, taratibu. Kafunika kopo la vifungo bila hata kuchungulia. Kumbe alishajua kilichomo. Nikashuka kwenye kiti kupiga magoti, nimwombe radhi, tumbo likagoma. Akaniambia kaa.

Nilitegemea kugombezwa. Akanisimulia.

Vero alikuja kwao kujifungulia, kama ilivyo desturi, mtoto wa kwanza unamzalia kwa mama. Damu yake ilikuwa ndogo, kliniki walisema. Na alikuwa na uchu wa malimao. Anachuma nyuma ya zizi, anakata, anatia chumvi, anafyonza kutwa. Wazee wakasema ndiyo hayo yanayommaliza damu. Mayu akamnyang'anya moja likiwa tayari mdomoni. Vero akacheka, akachuma jingine. Siku hiyo Mayu akachukua shoka.

Wiki tatu baadaye Vero alitoka damu isiyosimama. Wakaenda wote, yeye na mtoto.

Nilichelewa kuukata, kasema Mayu. Ndilo kosa langu. Dawa sikukosea. Alikuwa na vidonge vyekundu kama vyako, kila asubuhi nilimsimamia, anameza kwa maziwa. Sikuruka hata siku moja.

Sikuruka hata siku moja. Kaisema hiyo mara mbili. Sindano ilikuwa vidoleni mwangu na sikuweza kuichomeka mahali popote.

Kisha akaniomba niache. Hakuamrisha, aliomba. Sijawahi kusikia Mayu akiomba kitu. Nikasema Mayu, nitapimwa tarehe kumi na nane. Twende wote, umsikie nesi mwenyewe. Damu ikishuka, naacha, naapa. Akasema tutakwenda.

Alhamisi, 7 Agosti

Sare zimekwisha, wamekuja kuchukua, wamefurahi, wameondoka wakiimba. Mimi nimebaki nimekaa.

Nimekuwa nikiomba damu ipande kama mtu anayeomba timu yake ishinde. Sasa najua ikipanda maana yake nini kwa huyu mama. Ikishuka, naumia mimi na mtoto. Ikipanda, atauliza kuhusu maziwa. Si mjinga. Aliliona kopo la vifungo kabla ya wote.

Lakini naitaka ipande. Naandika hapa bila aibu, naitaka.

Jumanne, 12 Agosti

Nakula limao waziwazi sasa, mezani. Nikilikata Mayu ananyanyuka, anatoka, anafagia uwanja ambao kashaufagia. Nikimaliza anarudi, anatoa sahani. Jioni ananiletea maziwa, nakunywa yote, mbele yake, hadi povu. Hayo nayapenda kweli.

Luhende nilimbana Jumamosi kuhusu kisiki. Akasema alikuwepo siku ya shoka, ndiye aliyeburuta matawi. Malimao yalidondoka uwanja mzima, ng'ombe wakayakanyaga, harufu ikakaa wiki. Akasema yeye kwa mama yake ni ndama tu, hawezi kumwambia kitu. Nikamuuliza anadhani limao ndilo lilimwua dada yake. Akasema hajawahi kutaka kudhani.

Jumapili, 17 Agosti

Kesho. Mayu kafua kitenge chake cha safari na kukianika toka asubuhi. Kaniuliza kama nesi anajua Kisukuma. Nikasema ni mtu wa Maswa. Akasema vizuri, sitaki kutafsiriwa.

Nimekula mboga mara mbili leo. Najiona kama nina mtihani.

Jumatatu, 18 Agosti

Kumi nukta nne.

KUMI NUKTA NNE! Imeandikwa kwenye kadi, kwa bluu, bila duara. Nesi Elina kanyanyuka kwenye kiti chake kunishika mikono. Bado vidonge niendelee, bado mboga, tulenge kumi na moja, lakini nitajifungulia pale pale, karibu na nyumbani, na yeye atakuwepo. Nimecheka mpaka mtoto kanipiga teke la kunituliza. Wale wajawazito wa kwenye benchi nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mama mmoja kaniuliza nimefanyaje, nikafungua mdomo kuhubiri — na nikamwona Mayu.

Kakaa wima kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani. Alingoja tumalize. Kisha akauliza kwa Kisukuma, moja moja, kama anahesabu ng'ombe wakiingia zizini. Limao halikaushi damu? Nesi akasema hapana mama, halikaushi, linasaidia ya kwenye mboga iingie. Hata kwa mwenye damu ndogo? Huyo ndiye hasa. Mayu akaitikia kwa kichwa. Nikajua linalofuata, nikatamani nikohoe, nidondoshe kitu, nizimie.

Na maziwa?

Nesi Elina hajui habari za Vero. Akajibu kwa uchangamfu ule ule. Maziwa ni mazuri sana mama, mpe tu, ila si pamoja na dawa, yanaifunga. Hata mkamwana wako alikosea hivyo mwezi wa kwanza, damu ikakaa pale pale. Tulipoyatenganisha, si unaona?

Wabeja, kashukuru Mayu. Kanyanyuka. Kampa nesi mkono kwa adabu zote.

Mlangoni nilijifanya nimesahau kadi, nikarudi. Nikamweleza Nesi Elina habari za Vero kwa maneno kumi. Uso ukamshuka. Akasema Benedikta, watu wanatoka damu hata wakiwa na kumi na tatu. Sikuwepo. Siwezi kusema maziwa, siwezi kusema limao, hakuna anayeweza kusema. Mwambie hivyo. Nikasema nitamwambia.

Tukarudi kwa miguu. Kwa Anifa Mayu akasimama, akachagua malimao. Akayabonyeza moja moja, akayanusa, akarudisha yaliyokauka. Anifa akapokea hela bila mhadhara. Matatu. Mayu akayafunga kwenye ncha ya kitenge.

Tulipofika hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye mkeka wake, akaniambia kaa. Akauliza, bila kulia, sauti ya kawaida tu ya kuuliza kama chumvi imetosha:

Benedikta, wewe umesoma. Ningeuacha ule mti, na maziwa ningempa jioni, Vero angekuwepo?

Nilikuwa na jibu la nesi mdomoni. Hakuna anayeweza kusema. Ni kweli, nimelirudia njia nzima. Lakini kadi ilikuwa mkononi mwangu, kumi nukta nne, na yeye alikuwa anaitazama hiyo kadi. Nikasema ngoja Mayu, ninywe maji. Nikaingia chumbani. Nimefungua daftari. Nimeandika yote haya na sijanywa maji.

Nimefurahi. Hilo ndilo baya, bado nimefurahi, mtoto wangu atakuwa na mama. Na yule pale nje alifanya kila alichoambiwa ni kupenda, hakuruka hata siku moja.

Nasikia sufuria. Ananyanyuka. Nasikia nsansa ikichemka, harufu imefika huku. Nasikia kisu kwenye kibao, mara moja, na ile harufu nyingine.

Nitatoka. Nitakaa karibu naye kwanza, halafu nitasema. Nikianza na neno Mayu mengine yatakuja. Au nianze na jina la Vero, ambalo hadi leo humu ndani lilitajwa kwa kumwita yeye Mama Vero tu.

Ananiita kutoka jikoni. Anauliza sahani yangu aikamulie nusu, au limao zima?